Mvua ya Dakika Kumi na Moja

Kampala mtu akitaka kukupima anakuuliza umejenga wapi. Mimi sijajenga. Nina chumba kimoja cha kazi Kisenyi, juu ya gereji, ambamo nakata na kuunganisha video za harusi huku chini yangu watu wakigonga bodi za magari kutwa. Lakini nimewahi kuandaa tamasha la filamu la siku mbili, mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi yao, na nikiulizwa nimejenga wapi huwa nawaambia nimejenga pale. Wanacheka. Acha wacheke. Humu nitajisifu bila haya, na nitasema pia nilipojiaibisha, kwa sababu mambo yote mawili yalitokea wikiendi moja.

Wazo nililitoa safarini. Filamu yangu fupi ilikuwa imechaguliwa kwenye tamasha dogo katika mji mmoja wa pwani, nje ya Uganda, nami nikapanda basi kwenda kuiona ikionyeshwa. Lilikuwa tamasha la filamu za majaribio, zile zisizo na jambazi wala mchumba, ambapo mtu anaweza kukuonyesha ukuta kwa dakika sita na wewe ukatulia ukautazama. Tulikaa kwenye ghala la zamani karibu na bandari. Hakuna aliyekohoa. Mzee mmoja alianza kufungua peremende, safu nzima ikamgeukia, akairudisha mfukoni. Filamu yangu ilipokwisha walikaa kimya kwanza, kisha wakapiga makofi, na mimi nikalia mbele za watu. Nikajiambia kimya kile ndicho heshima yenyewe, na kwamba lazima nikipeleke nyumbani. Bahari hatuna, lakini ziwa letu ukisimama ufukweni huoni ng'ambo.

Ukumbi niliupata kwa mama mmoja aliyekuwa jirani yetu kambini. Nimezaliwa kwenye kambi ya polisi, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, na huko makabila yalikuwa mengi kiasi kwamba kwa Kiswahili tuligombania maji bombani, na kwa hichohicho tukagombezwa. Mjini kimejulikana kama lugha ya askari, na watu wengi wakikisikia bado wanadhani kuna mtu anakamatwa. Mama huyu, mumewe alipofariki, alihamia mwaloni, upande wa Nakawa unakoshukia ziwani, akajenga kibanda cha video: kuta za mbao, paa la bati, mabenchi kumi na manane, na ukuta wa mbele umepakwa chokaa kwa ajili ya projekta. Wiki nzima huonyesha mpira na filamu za mapigano. Nilipomwomba Jumamosi moja na Jumapili yake, saa za mchana, aliniuliza filamu zangu zina nani ndani. Nikamwambia hazina mtu maarufu. Akauliza kama wanapigana. Nikasema hapana. Alinitazama kwa huruma, yeye aliyenijua tangu natambaa, akasema basi nilete, lakini watu wakilalamika nisijifiche nyuma ya gauni lake.

Filamu zilikuwa tisa. Nyingine zilitoka Arua, nyingine Goma na Nairobi, kwa watu niliojuana nao kwenye simu. Moja ilikuwa yangu. Na moja ilikuwa ya fundi cherehani wa palepale mwaloni, mama Mkongo aliyekimbia vita na watoto wawili. Nilikuwa nimempelekea nguo ya kupunguza, mvua ikanikuta njiani, na nilipopiga hodi nikamkuta ameegesha simu yake sakafuni anairekodi mvua ikivuja ndani ya chumba. Nilimuuliza anamtumia nani. Akasema hamtumii mtu, anapenda sauti.

Paa lake lilikuwa na matundu, na chini ya kila tundu alikuwa ameweka chombo: beseni la bluu, beseni jekundu, sufuria, ndoo, na bakuli la bati. Kila chombo kilikuwa na mlio wake, na kadiri kilivyojaa mlio ulibadilika. Kuna mahali mkono wake unaingia kwenye picha, unavuta ile ndoo inchi mbili, na mlio wa chumba chote unageuka. Halafu mvua inapungua, matone yanaachana, na dakika nne za mwisho ni tone moja, kusubiri, tone jingine. Dakika kumi na moja, hakuna neno hata moja. Nimeshika video za watu kwa miaka mingi, na sijawahi kupokea kazi safi namna ile. Nilipomwambia hivyo alicheka, akadhani namtania.

Kumshawishi aionyeshe kulinichukua wiki mbili. Chumba kile ndicho nyumba yake na ndicho karakana yake. Vitambaa vya nusu ya wanawake wa mwaloni viko humo, gomesi, yale magauni marefu ya sherehe, sare za watoto za shule, suruali za wavuvi. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa, kwamba watu wakiona paa linavuja watauliza nguo zao huwa wapi mvua ikinyesha, kisha watazichukua na kuzipeleka kwa fundi mwingine. Ugenini alikuwa na jina moja tu, jina la fundi, na hakutaka kulichezea. Mimi nikamwapia. Nikamwambia watu hawataona paa, wataona sanaa. Nikamwambia watakaa kimya mpaka mwisho, atashangaa mwenyewe. Siku alipokubali alinipa filamu kwenye flashi aliyoifunga kwenye kipande cha kitenge, akanikumbusha kwamba nimeapa.

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyejua vibanda vyetu. Kampala filamu haionyeshwi peke yake. Pembeni ya ukuta hukaa mtu mwenye maiki, tunamwita vijei, anayewatafsiria watu filamu ikiendelea. Ila kutafsiri ni sehemu ndogo ya kazi yake. Anawapa wahusika majina ya mitaa yetu, anawagombeza, anawaonya adui yuko nyuma ya mlango, anawaonea huruma. Watu hawaulizi filamu gani inaonyeshwa leo, wanauliza nani anasema. Na vijei wa kibanda kile alikuwa rafiki yangu wa siku nyingi, Mwislamu wa Kisenyi, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya kukwaruza, aliyesema Kiganda na Kiswahili kwa zamu maana mwaloni kuna kila aina ya watu. Nilimwita Haji, ingawa hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Busia. Kazi yangu ya kwanza ya kushika waya wa sauti alinipa yeye.

Sasa fikiria nilichofanya. Jumamosi asubuhi nilichukua chaki, na kwenye ubao ulio nje ya kibanda, chini ya orodha ya filamu, nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA VIJEI. Nilitaka kimya cha lile ghala la pwani. Nilitaka wageni wawili niliowaalika kutoka mjini waone kwamba na sisi ni watu wa maana. Haji alifika saa saba na kofia yake ya Ijumaa, ameshapiga pasi shati, akasoma ubao. Aliniuliza tu kama waya wa spika ya nje bado unakatikakatika, nikamwambia nimeurekebisha, akaitikia kwa kichwa akaondoka. Nilimwona mgongo akipanda barabara, na nilijua nimemkosea, lakini kichwa kilikuwa kimenivimba.

Kibanda kilijaa. Mama mwenye kibanda aliwaambia watu ni siku maalumu, nao wakaja na watoto na karanga zao. Nilianza na filamu yangu, nikidhani ni ya kuwakaribisha. Niliitengeneza kwa vipande nilivyovitupa kwenye video za harusi: watu wakisubiri chakula, wakitafuta pa kukaa, mikono ikishika sahani tupu. Dakika ya kwanza walitulia. Dakika ya pili wakaanza kugeuka kutazama kile kiti cha pembeni, kiti cha Haji, kilichokuwa kitupu. Dakika ya tatu mwanamke mmoja aliuliza bibi harusi yuko wapi. Mwingine akamjibu kwamba ametoroka, kibanda kizima kikaangua kicheko, na mvuvi wa nyuma akapaza sauti niongeze sauti. Nikasimama nikawaambia sauti ndiyo hiyo, filamu haina maneno. Basi wakaniona nawaficha kitu.

Hawakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walianza kutoka mmoja mmoja kwa adabu, wameinama wasizibe mwanga. Kufikia filamu ya nne tulibaki watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamelala. Mzee mmoja wa kuuza nyavu alinishika mkono pale mlangoni akanifariji.

“Pole, mama. Mashine itapona.”

Nilimshukuru. Nyuma ya kibanda nikapiga teke jaba la maji, nikaumia kidole.

Jua lilikuwa bado halijashuka fundi aliponifuata. Alikuwa amekaa benchi la mwisho tangu mwanzo, na aliona yote. Aliongea kwa upole, mikono ameifunga kifuani.

“Dada, unirudishie filimu yangu. Leo banacheka weye, na weye uko na kazi yako kule mujini. Kesho banacheka miye, na miye sina fasi ingine.”

Nilitoa flashi, bado iko ndani ya kile kitenge, nikampa. Niliona haya ya kunimaliza, kwa sababu nilikuwa nimemwapia mtu kwa kitu kisichokuwa changu, kimya cha watu wengine. Mimi hukasirika upesi na kulaumu upesi, na siku ile nilitafuta wa kumlaumu kuanzia mwaloni mpaka Kisenyi nikamkosa. Kila nilipogeuka nilijikuta mimi na chaki yangu.

Jumapili asubuhi nilimkuta Haji kwenye kibanda cha chakula karibu na egesho la teksi, mbele yake sahani ya katogo, ndizi na maini. Nilisimama. Aliendelea kula. Mimi niliyezoea kuwapigia kelele wapiga picha wa harusi nilisimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa, nikamwambia nimekosa, nikaeleza yote bila kujitetea, na mambo ya fundi nikayaeleza mara mbili. Akamaliza kula, akanawa, akasema kosa langu si kumkataza yeye kusema. Kosa ni kwamba niliwaita watu nyumbani halafu sikuweka mtu wa kuwapokea mlangoni. Kibandani, alisema, mtu akikaa gizani bila sauti ya mwenyeji anajua ameibiwa au mashine imekufa, hajui kitu cha tatu.

Nikamwomba aje aseme filamu ya fundi, kama fundi atakubali kuirudisha. Alitaka mambo mawili. La kwanza, yale maneno ya ubaoni niyafute mimi mwenyewe, kwa mkono, watu wakiona. La pili, twende kwanza kwa fundi.

“Mimi nyumba ya mtu siingiagi bila kupiga hodi,” alisema. “Hata kama ni ya kwenye filimu.”

Nilikuwa nimemjua miaka yote ile, na sikujua kwamba ana kanuni hiyo.

Fundi alikuwa ametoka kanisani, bado ana viatu vya kanisa. Haji alipiga hodi mara tatu, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda cha wateja huku amevua kofia. Hakumshawishi hata kidogo. Alimwomba amwonyeshe tu ile filamu kwenye simu, akaitazama mara tatu mfululizo, mdomo wake ukitikisika kama anayehesabu. Kisha akauliza swali ambalo mimi katika wiki zangu mbili sikuwahi kuliuliza: kitu gani anataka watu waambiwe, na kitu gani hataki. Fundi alifikiri. Alisema wakionyeshwa, basi Haji aseme mvua tu. Asiseme nyumba, asiseme umaskini, na nguo za watu asizitaje kabisa. Haji akasema mvua ataiweza. Wakazungumza kidogo juu ya vyombo, kipi kinaanza na kipi kinafuata, fundi akamgongea sufuria kwa ncha ya mkasi ili asikie, na nilipokuwa nashangaa hayo nikaona ile flashi imetoka mfukoni mwa gauni na imewekwa mkononi mwa Haji. Fundi alisema atakaa karibu na mlango, na watu wakianza kucheka atatoka, nasi tuizime papo hapo.

Nilifuta ubao saa saba na nusu. Wanawake wanaoanika mukene, dagaa wetu wadogo wa ziwani, walikuwa wakinitazama kutoka kwenye nyavu zao zilizotandazwa juani hadi karibu na mlango wa kibanda. Mmoja aliuliza kama vijei amepona. Nikasema amepona. Saa nane mabenchi yalijaa tena, maana habari za Haji hutembea haraka kuliko za kwangu. Walikuwemo wateja wengi wa fundi, niliwatambua kwa alivyowasalimia, ametazama chini.

Jua lilikuwa kali, bati la kibanda likilia kwa joto. Haji akakaa kwenye kiti chake, akapuliza maiki, akawasalimia watu kwa lugha nne, akawaambia leo kuna mechi. Kicheko cha furaha kikapita. Picha ikawaka ukutani: sakafu ya saruji, beseni la bluu, na tone la kwanza.

“Banange, jamani,” akasema Haji kwa sauti ya chini kabisa, “huyo ameanza. Beseni ya bluu, golikipa wetu, yeye haondokagi. Ngoja sufuria aingie. Huyo hapo. Sikiliza huyo.”

Na wakasikiliza. Aliingiza vyombo uwanjani kimoja kimoja, akampa kila mmoja namba na tabia yake, sufuria mwenye maneno mengi, ndoo mzito asiye na haraka, bakuli la bati fundi wa chenga. Mkono ulipoingia ukavuta ndoo inchi mbili, Haji akatangaza kocha amefanya mabadiliko, na kibanda kizima kikasikia mlio ukigeuka. Nilikiona kwa macho yangu: watu sitini wameinamisha vichwa wanasikiliza tofauti ya ndoo na sufuria. Walicheka, ndiyo, na kila walipocheka nilimgeukia fundi mlangoni. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kizingiti. Hakutoka.

Mvua ya ukutani ikapamba moto. Hapo ndipo kelele zilipoanza nje. Spika ya nje, ile niliyorekebisha waya wake kwa mikono yangu, ilikuwa inawamwagia wanawake wa mukene mvua ya bati chini ya jua la saa nane. Kwetu ziwani mvua haibishi hodi, inaweza kushuka na jua likiwaka, na mukene wakilowa wakati wanakauka wameharibika. Walikuwa wamekwisha kukunja nyavu tatu kabla mmoja hajatazama juu. Wakaja mlangoni kundi zima, mikono imejaa magamba, na aliyetangulia alikuwa mama mnene wa watu, mke wa askari mstaafu.

“Nani anawasha mvua huku ndani?” akauliza.

Haji, bila kuacha kazi, akamwambia mechi iko dakika ya sita na nafasi zipo mbele. Yule mama alitaka kugomba, nilimwona akivuta pumzi. Lakini macho yake yalikuwa yamekwishafika ukutani. Akakaa. Wenzake wakakaa pia, wakajibana na watu waliovaa nguo za kanisani, na harufu ya samaki ikatujaa sote.

Dakika ya saba mvua ya fundi ikaanza kupungua. Nilingojea Haji aseme kitu, maana sehemu ile ndiyo niliyoiogopa. Haji akasema, “Sasa,” kisha akabonyeza maiki ikazimika, akailaza juu ya mapaja yake, akakunja mikono.

Nani angeamini? Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyeuliza sauti iko wapi. Wao walikijua kiti kile. Ikiwa Haji amenyamaza, basi pana kitu cha kunyamazia. Tone likaanguka kwenye beseni. Tukasubiri. Tone likaanguka kwenye bakuli. Mtoto aliyetaka kusema alizibwa mdomo na dada yake. Dakika nne nzima, kwenye kibanda cha mbao, mwaloni, na jenereta ikinguruma nyuma, nilipata kimya kile nilichokwenda kukitafuta kwa basi, na hiki kilikuwa kizuri zaidi kwa sababu watu hawakukaa kimya kwa kuogopa kutazamwa na safu ya mbele. Nilijivunia. Niliwajivunia hawa watu mpaka kifua kikaniuma, na Haji nilimjivunia kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Picha ikazimika. Kabla ya makofi, kabla ya chochote, yule mama wa mukene akasimama. Hakugeukia ukuta. Aligeuka nyuma, akamtazama fundi pale mlangoni.

“Fundi. Gomesi yangu ya sherehe ya binti ulinishonea wakati wa mvua ile. Ilikuwa wapi?”

Hilo ndilo swali lenyewe, limeulizwa mbele ya wateja wake wote, na mimi ndiye niliyempeleka mpaka hapo. Haji alishika maiki akaiachia tena. Watu wote walikuwa wamegeuka. Fundi alitoa mkono kwenye kizingiti, na nilidhani anaondoka.

“Ilikuwa ku kitanda,” akasema. “Mvua ikinyesha, manguo yenu yote inalala ku kitanda, chini ya nailoni, fasi yenye haivuji. Miye na batoto njo tunalala chini, kati ya mabeseni.”

Nikakumbuka filamu niliyoiona labda mara thelathini, nikatafuta kitanda kichwani mwangu, sikukiona. Nilikuwa natazama beseni tu.

Yule mama wa mukene aligeuka kuutazama tena ukuta. Kisha akamgeukia Haji akamwambia airudishe. Watu wengine nao wakasema, rudisha, rudisha, si kwa fujo, kwa namna watu wanavyoomba maji. Haji akanitazama mimi, mimi nikamtazama fundi, na fundi akainua mabega.

Tukairudisha. Safari hii Haji hakushika maiki kabisa, na hakuna aliyetazama vyombo. Watu walisogea mbele kwenye mabenchi, wakainuka, wakaelekezana kwa vidole, wakitafuta nyuma ya beseni na nyuma ya ndoo, huko gizani ambako mimi mtaalamu sikuwahi kutazama. Na kweli kilikuwepo. Pembe ya kitanda, nailoni inayong'aa, na chini yake nguo zimekunjwa zimepangana mpaka karibu na dari, kavu, mvua ikinyesha pande zote. Mwanamke mmoja akataja sare ya mwanawe. Mvuvi akaona mguu wa suruali. Wakawa wanazitaja kwa sauti ndogo, moja baada ya nyingine, na matone yakiendelea.

“Ile ya kijani ni yangu,” akasema mama wa mukene. Alikuwa ameshaikaribia chokaa ya ukuta mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha, na hakuna aliyemwambia aketi. Aliitazama mpaka tone la mwisho. Kisha akarudi kwenye benchi lake, akawasukuma wenzake kwa nyonga, akafuta ubao wa benchi kwa upindo wa leso yake, na akamwita fundi aje akae.